Hadubini ya mawe ya marehemu baba: Brasso weka pembeni kwanza

Maswali safari hii yameangukia upande mmoja. Kuna dada wa mtaa wa Kikuyu hapa Dodoma alituma picha ya hadubini ya zamani ya brasi, toleo lililopita tukaigusia kwa mistari miwili tu, basi meseji zikaanza kumiminika, mwalimu ana lake, mchimbaji ana lake, mwanafunzi naye ana lake. Nayajibu pamoja, naanza na la dada kwa sababu ndiye aliyeyaanzisha na lina mambo mengi ndani yake.

SWALI: Shikamoo. Baba yetu alifariki mwaka jana, enzi zake alikuwa mhudumu wa maabara ya mawe hapa hapa Dodoma, alipostaafu akanunua kwenye mnada sanduku la mbao ambalo hakuna mtoto aliruhusiwa kuligusa, na risiti yake tunayo. Tumelifungua, ndani kuna hadubini ya brasi nzito kweli kweli, meza yake ya duara inazunguka na ina namba pembeni mpaka 360, chini ina kioo, halafu kuna vidude vingine vimekaa kwenye matundu yake hatujui ni vya nini. Imepiga weusi na madoa. Shemeji anasema tuipige Brasso ing'ae tutafute mtalii wa kumuuzia, jirani naye ameleta mtu wa skrepa anataka kuipima kwa kilo. Mimi roho inasita. Hiki ni kitu gani, bado kinafanya kazi, na tuuze au tusiuze? (Binti wa marehemu, Kikuyu)

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Mtu wa skrepa mpeni maji ya kunywa aende zake. Na huyo shemeji mwambieni taratibu, kwa heshima yake, kwamba Brasso ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kuishusha bei hiyo mali.

Sababu ni hii. Mafundi wa zamani hawakuiacha brasi ikiwa wazi, waliipaka vanishi nyembamba ya shelaki, inaipa rangi ile ya kama asali na inazuia hewa isiishike. Ukisugua na Brasso unaitoa vanishi yote, inang'aa siku chache watu wanaisifia sebuleni halafu inapiga weusi upya vibaya kuliko mwanzo, na ule unga wa dawa unakuwa umeshaingia kwenye meno ya kufokasi na kwenye mistari ya namba. Wanaokusanya vyombo hivi wakiona iliyosuguliwa wanapita tu. Nyie chukueni brashi laini kama ya kupakia poda, toeni vumbi, kisha kitambaa kikavu cha pamba, mwisho hapo. Kirungu cha kufokasi kikiwa kimekaza msikilazimishe maana grisi ya miaka ile huganda ikawa ngumu kama gundi, ukitumia nguvu unang'oa meno.

Sasa ni kitu gani. Hiyo ni hadubini ya petrolojia, ya kusomea mawe na madini, na kinachoitambulisha ni hiyo meza ya duara yenye digrii. Hadubini ya kuangalia malaria haihitaji kupima pembe, mdudu ni mdudu hata ukimgeuza. Jiwe ni tofauti, ukilizungusha linabadilika, na kazi nzima ya mtu wa mawe ni kusoma yale mabadiliko.

Roho ya chombo ni vipande viwili vya madini ya kalsaiti safi inayopitisha mwanga kama kioo, vinaitwa prizimu za Nicol. William Nicol wa Edinburgh alizitengeneza mwaka 1828, alichukua kalsaiti ile nzuri ya Iceland, akaikata mshazari, akaigandisha tena kwa utomvu wa mti unaoitwa zeri ya Kanada. Mwanga ukiingia kwenye kalsaiti unagawanyika njia mbili, ile gundi katikati inautupa pembeni mmoja na kuuachia mwingine, kwa hiyo unaotoka umenyooka, unatikisika upande mmoja tu. Prizimu moja inakaa chini ya meza, ndiyo polaraiza. Nyingine inakaa juu, ama ndani ya bomba unaisukuma kutoka ubavuni, ama kama kofia juu ya jicho, hiyo ndiyo analaiza. Ukizipanga zikapishana moja hivi moja vile, mwanga hautoki, giza. Ukiweka jiwe lililosagwa jembamba katikati ya giza hilo, rangi zinafumuka ambazo kwa macho ya kawaida hamna kabisa. Aliyeonyesha watu kwamba jiwe linasomeka namna hii ni Henry Clifton Sorby wa Sheffield, tangu mwaka 1849 alikuwa anasaga mawe mpaka mwanga upite, maandiko yake makubwa akayatoa 1858, kisha Wajerumani kina Zirkel na Rosenbusch wakalibeba somo mpaka likawa fani.

Kama bado inafanya kazi mtajua leo hii hii. Elekezeni kile kioo cha chini kwenye ukuta mweupe wenye mwanga wa mchana, jua lenyewe msilielekeze hata kidogo, ni jicho hilo. Angalieni kwenye jicho la hadubini huku mtu anazungusha polaraiza polepole. Mwanga ukififia mpaka giza kisha ukarudi, Nicol zote mbili ni nzima. Halafu chukueni rula ya plastiki ya mtoto wa shule, ile inayoonyesha, iwekeni kwenye meza wakati kuna giza. Mkiona mistari ya rangi za upinde wa mvua, hongereni, chombo kizima. Mwanga usipofifia kabisa huenda analaiza haimo, itafuteni kwenye vile vidude, ni kile kinachofanana na kofia ndogo chenye kioo kinene ndani. Kile kingine kirefu chembamba chenye kioo kama kabari ni kabari ya kwatzi, ya kupimia rangi. Vyote virudisheni kwenye matundu yake, msiwape watoto wachezee, kalsaiti ni laini, ugumu wake 3 tu kati ya 10 kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, hata vumbi la mchanga wetu linaikwaruza.

Jina la mtengenezaji litakuwa limechongwa kwenye mguu au kwenye bomba. Mkikuta Swift & Son wa London, R. Fuess wa Berlin, Voigt & Hochgesang wa Göttingen, Leitz wa Wetzlar au Nachet wa Paris, hao wote ni watu wa kweli wa kazi hii. Swift ndio waliotoa na hadubini ya Dick, iliyopewa jina la mbunifu wake, ya mwisho mwisho wa miaka ya 1880, ambayo meza haizunguki bali prizimu mbili ndio zinazunguka kwa pamoja, ya kwenu sio hiyo. Na kukutwa Dodoma sio ajabu hata kidogo, idara ya jiolojia imekuwa na makao yake mji huu tangu miaka ya 1920, wakati mji wenyewe ulikuwa stesheni ya reli na maduka ya Uhindini.

Kuuza. Hapa nitasema langu. Bei sikutajii kwa sababu bei inaenda na jina, na ukamilifu, na hali ya vanishi, mtu akikutajia kwa kuangalia picha ya simu ujue anabahatisha au anakuvizia. Kinacholipwa ni seti: sanduku lake, lenzi zake zote, Nicol mbili, kabari, na hiyo risiti ya mnada ambayo mimi ningeitia kwenye bahasha ya nailoni leo leo, maana chombo cha maabara kisicho na karatasi hakuna mnunuzi wa maana atakigusa. Msiuze lenzi peke yake hata mkipata mteja. Ila kama ni mimi nisingeuza sasa hivi. Angalieni kwanza chini ya sanduku au droo zake kama kuna slaidi, vioo vyembamba vyenye kipande cha jiwe kama doa la chai na lebo ya mkono. Mzee hakuficha sanduku miaka yote ile kwa sababu ya brasi.

Halafu nyongeza kwa wengine mlioniandikia mna "kama hiyo hiyo" mliyonunua kwenye duka la mapambo. Zile ndogo zinazong'aa kama dhahabu, meza mraba haizunguki, hakuna prizimu, skrubu zake ni za nyota, hizo ni pambo la mezani, limetengenezwa juzi juzi. Skrubu ya nyota imekuja miaka ya 1930, sasa ukiambiwa chombo ni cha 1890 na kina skrubu za nyota, jiongeze.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sayansi sekondari ya kata, wilaya ya Chamwino. Hadubini tuliyonayo ni ya baiolojia tu, hizo slaidi za mawe hatuna na hela ya kusagisha hatuna. Kuna namna ya watoto kuona hizo rangi au tuache? (Ticha, Chamwino)

JIBU: Usiache ticha, na hili ndilo swali nililolipenda kuliko yote. Hadubini ya baiolojia inageuzwa ya mawe kwa hela ya chai.

Nenda kwa fundi TV yeyote pale mjini, muombe skrini bapa iliyopasuka, anazo zimerundikana nyuma ya mlango. Kwenye kioo cha ile skrini, mbele na nyuma, kumebandikwa karatasi ya plastiki ya kijivu. Ibandue taratibu kuanzia kona, inakuja na gundi ya kunata, gundi isugue na kidole na sabuni. Hiyo karatasi ni polaraiza, ndugu wa ile aliyoibuni Mmarekani Edwin Land mwishoni mwa miaka ya 1920, ndiyo iliyozistaafisha prizimu za Nicol kwenye hadubini za kisasa. Kata vipande viwili. Kimoja weka chini ya meza ya hadubini juu ya taa, kingine laza juu ya jicho, kizungushe mpaka giza. Umemaliza.

Slaidi za kusagwa nazo sio lazima. Chukua mchanga wa korongo, Chamwino hamna shida ya makorongo, au okota kipande cha graniti kwenye majabali, kifunge kwenye kitambaa kikuukuu, kiponde na nyundo. Vaa miwani, na ule unga mlowanishe kidogo usipae, vumbi la kwatzi sio la kuvuta, linaharibu mapafu kabisa, waulize wachimbaji. Chekecha kwa soksi ya nailoni, chukua chembe ndogo zile zinazopita, kidole kikizisugua zinakwaruza kama chumvi ya unga. Tia chembe chache kwenye kioo, dondoshea tone la mafuta ya alizeti, funika na kioo chembamba.

Kwanza waangalie bila karatasi ya juu. Ndani ya mafuta ya alizeti kila chembe inaonekana ina mpaka mweusi umekaza, kwa sababu alizeti inapinda mwanga kidogo, kipimo chake cha kupinda ni kama 1.47, na madini mengi ya hapa yanapinda zaidi. Kisha rudisha karatasi ya juu, giza liingie, na watoto wazungushe slaidi kwa vidole. Chembe za kwatzi na felspa, yale madini meupe ya kwenye graniti, zitawaka rangi, pinki, kijani, bluu, ukizungusha zinazima, ukiendelea zinawaka tena, mara nne kwenye mzunguko mmoja. Hapo darasa litapiga kelele, jiandae. Zitakuwepo chembe ambazo hazijawaka hata moja, zimezima muda wote unavyozungusha: kama ina rangi ya waridi au wekundu na mpaka wake ni mweusi mzito, hiyo karibu hakika ni ganeti. Vipande vya chupa vilivyosagika vitazima hivyo hivyo ila mpaka wake ni hafifu.

Maika nyeusi, ile baiotaiti inayometameta kwenye graniti yenu, iangalieni na karatasi ya chini peke yake. Zungusha: inatoka kahawia nzito inakwenda njano ya majani makavu inarudi. Hakuna haja ya giza. Ukiing'oa kwa kucha ubavuni mwa jiwe inalala bapa na bapa haibadiliki, kwa hiyo tafuta kwenye unga kipande kilichosimama kwa ubavu, ndicho kinachobadilika.

Halafu kuna mchezo wa mafuta ya karafuu, huu ni wa kidato cha juu lakini mtoto mwerevu yeyote atauelewa. Nunua kichupa kidogo dukani, yale yale ya kutia kwenye jino. Mafuta ya karafuu yanapinda mwanga kama 1.53, kwatzi ni 1.544 mpaka 1.553, na felspa ya potasi iko chini kidogo ya 1.53. Wote wamekaribiana. Ukiloweka unga wa graniti humo, chembe zinakaribia kupotea, mpaka unabaki uzi tu. Punguza mwanga wa chini, fokasi vizuri, halafu inua bomba kidogo sana huku jicho liko pembeni ya chembe. Utaona mstari mwembamba wa mwanga unahama. Unahamia upande wenye nguvu zaidi ya kupinda mwanga: kwa kwatzi utaingia ndani ya chembe, kwa felspa ya potasi utatoka nje kwenye mafuta. Ndio mstari wa Becke huo, Friedrich Becke wa Austria, na kwa zana zilizogharimu hela ya soda mbili watoto wako wametenganisha madini mawili meupe ambayo kwa macho wanayachanganya kila siku. Hadubini zikiwa na meza ya kupanda badala ya bomba, kushusha meza ni sawa na kuinua bomba.

Angalizo moja, mafuta ya karafuu yasiguse lenzi. Yanayeyusha gundi ya lenzi za zamani, na plastiki nyingine yanaila. Tone dogo, kioo cha kufunika juu yake, na lenzi ya nguvu ndogo inatosha kabisa.

SWALI: Kaka habari. Tupo upande wa Winza huku Mpwapwa, tunapata vijiwe vyekundu, dalali mmoja anasema rubi mwingine anasema ganeti, na wote wanataka kununua kwa bei ya ganeti hahaha. Hiyo hadubini ya brasi ingetusaidia? (Mchimbaji mdogo)

JIBU: Salama kaka. Hahaha, wamejuana hao. Tangu Winza ivume kwa rubi mwaka 2008 mchezo huo upo, na ni kweli pale ganeti na rubi vinatoka kwenye miamba hiyo hiyo, kwa hiyo kuchanganya ni rahisi.

Hadubini nzima huhitaji, zile karatasi mbili za TV nilizomwambia ticha zinatosha. Washa tochi ya simu, weka karatasi moja juu ya tochi, ya pili ishike juu yake mpaka giza, ingiza kijiwe katikati, kizungushe. Kiwe kinapitisha mwanga lakini, kile kilichojaa nyufa na matope hakisemi kitu. Rubi ni aina ya madini yanayoitwa korandamu, itawaka na kuzima mara nne kwa mzunguko. Ganeti itabaki giza, au itatoa weusi weusi wa mawingu usio na mpangilio. Kioo chekundu giza. Spineli, jiwe jingine linaloweza kuwa jekundu, giza. Jaribu kijiwe kwa pande mbili tatu tofauti kabla ya kuhukumu kwa sababu rubi nayo ina upande mmoja ambao ukiuangalia wima kabisa haiwaki. Na wale wa Haneti wenye krisopresi, lile jiwe la kijani, msishtuke, yenyewe inabaki na mwanga muda wote haizimi, ni kwatzi ndogo ndogo mno zimekusanyika kila moja imeelekea kwake.

Kitu kimoja kipimo hiki hakisemi: kama rubi ni ya ardhini au ya kiwandani. Ya kiwandani nayo ni korandamu, itawaka vile vile. Kwa jiwe la maana nenda soko la madini na leseni yako mkononi, mahali penye vipimo na mizani ya serikali, sio chini ya mwembe na dalali.

SWALI: Naitaka hiyo hadubini ya yule dada nipimie dhahabu, niko Iramba karibu na Sekenke. Anauza? (Msomaji, Singida)

JIBU: Anauza au hauzi ni juu yake, ila kwa dhahabu haikufai ndugu yangu. Inategemea mwanga upite ndani ya jiwe kutoka chini, na dhahabu hata ukiisaga vipi kwa mikono haipitishi, utaona doa jeusi, na pairaiti, ile inayofanana na dhahabu, doa jeusi, na chuma doa jeusi, yote sawa. Ya dhahabu ni ile inayomulika kutoka juu na jiwe limepolishwa. Karai na maji bado ni marafiki zako, na sampuli peleka maabara.

SWALI: Mimi nasoma mambo ya madini hapa Dodoma. Nimesaga slaidi yangu ya kwanza ya graniti kwa mkono, chini ya hadubini kwatzi yote imekuwa ya bluu na njano kali, picha za kitabu zinaonyesha kijivu. Lenzi mbovu? (Mwanafunzi)

JIBU: Lenzi haina kosa, slaidi yako ni nene. Piga hesabu kidogo: kwatzi inachelewesha mwanga mmoja nyuma ya mwingine kwa 0.009 mara unene. Unene sahihi ni milimita 0.03, sawa na nanomita 30,000, ukizidisha unapata nanomita 270, na hapo rangi ni kijivu cheupe, ikipiga umanjano kwa mbali sana. Ukiona bluu umeshafika 600 na zaidi, maana yake slaidi ina unene zaidi ya mara mbili ya unaotakiwa. Ndio maana wakongwe wanatumia kwatzi yenyewe kama rula, hawapimi kwa chombo, wanasaga, wanaangalia, wanasaga, wanaangalia.

Rudi kwenye kioo bapa, unga wa kusagia wa kaborandamu namba 600 na maji, zungusha namba nane polepole bila kukandamiza upande mmoja, malizia na 1000. Ukishaona bluu imeingia kwenye nyekundu kisha chungwa unarudi nyuma vizuri, ikifika njano hafifu anza kuangalia kila baada ya mizunguko michache tu, maana hapo jiwe linaisha ghafla. Kingo zitatangulia kuwa nyembamba, usizifuate, fuata katikati. Na kama uligandisha na gundi ya araldaiti hakikisha haikuwa na mapovu, kila povu ni shimo ambalo jiwe litang'okea. Zikikushinda, GST, taasisi ya jiolojia ya serikali, wapo hapa hapa mjini, nenda kwa adabu uombe kuangalia fundi wao akisaga, nusu saa ya kumtazama mtu mwenye mkono ni bora kuliko maelezo yangu yote haya.

SWALI: Lenzi za zamani zisafishwe na spiriti? (Mailimbili)

JIBU: Hapana. Zeri ya Kanada inayoshika vioo inalegezwa na spiriti, lenzi inaweza kuachana. Hema pumzi juu ya kioo, futa na kitambaa laini kisichokuwa na vumbi, kuanzia katikati kwenda nje. Petroli na tina ndio usifikirie kabisa.

SWALI: Nina hadubini kama ya huyo dada, kioo cha chini kimepasuka, naweza kuweka balbu ya LED? (Makole)

JIBU: Weka, ila usitoboe wala kuchimba kitu kwenye brasi. Kioo kilichopasuka kiache palepale kwenye fremu yake, taa ndogo ya LED ya betri iweke chini mezani, juu yake karatasi nyeupe ya kuandikia itawanye mwanga. Ina faida yake pia: ukitumia kioo na anga la buluu la Dodoma mchana, anga lenyewe limeshanyooshwa kiasi, mwanga unafifia na kuongezeka unavyozungusha polaraiza hata kabla hujaweka jiwe, unaweza ukadhani ni mbovu. Taa yenye karatasi haina ujanja huo. Na kile kipande cha kioo kikija kudondoka kifunge kwenye karatasi ukiweke kwenye sanduku pamoja na vingine.